Binti yangu ana kilo 39 na bado anafunga: nifanye nini?

Swali: "Assalamu alaykum. Mimi nakaa Wete, nina binti wa miaka 15, yuko Kidato cha Tatu, hodari wa masomo na hana utukutu. Kabla ya Ramadhani iliyopita alikuwa na kilo 49. Alifunga, akaunga na sita za Shawwal, kisha akasema analipa kadha, zile siku anazodaiwa, mara Jumatatu na Alhamisi, na sasa ni karibu kila siku. Miezi saba imepita, ana kilo 39, na urefu wake ni mita 1.55. Magharibi anakula tende moja na maji, anasema ameshiba. Wali wa nazi hagusi, samaki anamkamua mafuta kwa karatasi. Mwezi wa nne huu hajaona siku zake. Anavaa sweta ndani ya buibui na joto lote hili. Kituo cha afya walimpima wakasema hana utapiamlo. Bibi yake anasema ana shetani. Baba yake anasema ni kiburi, aachwe, njaa ikimshika atakula. Kwenye simu yake nimeona video za wasichana wanaopimana viuno. Nifanye nini?"

Waalaykumu salaam, mama. Nianze na lile la haraka: binti yako apimwe moyo na damu hospitali ndani ya siku mbili tatu hizi, na saumu isimame kuanzia leo. Hospitali ya Wete mnayo karibu. Kipimo kikikosekana hapo, ipo Chake Chake na ipo ya Abdalla Mzee kule Mkoani. Msingoje skuli ifungwe.

Utajiuliza haraka ya nini, na kituoni walisema yuko sawa. Hawakukudanganya, walisoma jedwali. Ukichukua kilo 39 ukazigawa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe (1.55 × 1.55) unapata 16.2. Kwa msichana wa miaka 15, jedwali la Shirika la Afya Duniani linaweka katikati kwenye 20.2, na mstari wa utapiamlo kwenye 15.9. Amepita juu ya mstari, kidogo tu, basi wakamruhusu. Lakini jedwali halijui kuwa miezi saba nyuma alikuwa 20.4. Mtoto aliyekua mwembamba tangu mdogo anaweza kuwa na 16.2 na akawa mzima wa afya. Aliyeteremka hapo kutoka 20.4, akapoteza moja ya tano ya mwili wake, huyo ni mgonjwa. Ukifika kwa daktari mwambie kwa tarakimu: "Alikuwa kilo 49, sasa 39, kwa miezi saba, na huu ni mwezi wa nne hajaona hedhi." Kauli ya "mtoto wangu hali vizuri" madaktari huisikia kutwa nzima, na haimshtui mtu.

Nyumbani unaweza kumhesabu mapigo mwenyewe. Alale chali dakika tano, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, uhesabu dakika nzima kwa saa. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana moyo dhaifu hupiga kwa kurukaruka. Kisha asimame dakika mbili, uhesabu tena. Akiwa macho na mapigo yako chini ya 50, au yakipanda kwa 30 na zaidi anaposimama, mpeleke siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo joto la mwili likiwa chini ya 35.5, namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, akizimia, akiumwa kifua, miguu ikivimba, au akikataa hata kunywa. Hapo hata ikiwa ni saa nane za usiku, tafuteni gari.

Hospitali omba ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na damu ipimwe chumvi zake (potasiamu, fosfeti, magnesiamu), sukari, figo, wingi wa damu na tezi ya shingo. Daktari pia ataondoa shaka ya magonjwa mengine yanayokondesha: kifua kikuu, kisukari cha watoto, VVU, minyoo, na kwa kuwa hedhi imekatika atapima mimba. Usikasirike, ni kawaida ya kazi. Dalili husaidia kutofautisha. Kifua kikuu kina kikohozi na homa za jioni. Kisukari kina kiu na mkojo usiokwisha. Tezi iliyozidi kasi humfanya mtu aone joto na moyo umwende mbio, na wako anaona baridi. Kuna tofauti kubwa zaidi: mwenye magonjwa hayo hulalamika kuwa anakonda, au hata habari hana. Wako anajilinda usimharibie huko kukonda.

Jambo moja hupotosha wengi. Vipimo vya damu vikitoka safi, haina maana haumwi. Mwili wa kijana hujibana mpaka siku ya mwisho, na damu husomeka vizuri huku moyo umeshapunguza mwendo. Na mkiambiwa mvuke kwenda Unguja, ECG na potasiamu vipimwe kwanza hapo Pemba. Kutapika kwa mawimbi njia nzima kunateremsha potasiamu, na moyo uliochoka hauvumilii hilo.

Sijamwona binti yako, kwa hiyo neno la mwisho ni la daktari atakayemshika. Lakini uliyoyaeleza yanafanana sana na ugonjwa wa kujinyima chakula, ambao madaktari huuita anoreksia. Mgonjwa anapunguza kula mpaka mwili unaharibika, anaogopa kunenepa hata akiwa amekwisha, na akijitazama kwenye kioo haoni unachokiona wewe. Ukimtazama mgongoni na mikononi huenda ukakuta vinywele laini (malaika) vimeota upya, ndiyo mwili unajitafutia joto. Na ile sweta ni kwa sababu hiyo, pamoja na kujificha. Ugonjwa huu ni wa hatari kuliko karibu magonjwa yote ya akili, na katika wanaokufa nao, mmoja kati ya watano hujiua. Basi muulize waziwazi, mkiwa wawili peke yenu: "Umewahi kufikiri bora ufe?" Kuuliza hakumpandikizii fikra. Akisema ndiyo, asilale peke yake, na dawa za panya, za shamba na za hospitali ziwekwe mbali, kisha kesho yake muwe kwa daktari.

Sasa baba yake. Hii habari ya "njaa ikimshika atakula" ina jibu lake, na jibu limepimwa. Mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume, wazima wa mwili na akili, waliojitolea. Kwa miezi sita walikula kiasi cha nusu ya haja yao mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito. Vijana wale wakaanza kuwaza chakula mchana na usiku. Walikata tonge vipande vidogo vidogo, wakalimbikiza vitabu vya mapishi, wakakaa na sahani moja saa nzima. Waliona baridi, mapigo yao yakapungua, wakawa wakali, wakajitenga na wenzao. Hakuna aliyekuwa na kasoro ya kula kabla ya hapo. Mengi unayoyaona kwa binti yako, pamoja na hicho kinachoitwa kiburi, yanaletwa na njaa yenyewe. Juu ya hapo, kwa mwenye anoreksia njaa humtuliza hofu, na kila kilo inayoondoka inaukaza ule mkanda wa fikra. Mkingoja njaa imfundishe adabu mtamzika. Mwambie mzee hivyo, kwa upole lakini usimung'unye maneno, maana bila yeye yanayofuata hayawezekani.

Bibi naye msimvunje. Akitaka asomewe, asomewe, ilimradi kisomo kisichukue nafasi ya hospitali na wala kisiitangulie. Kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa, anaweza kunywa. Ila tapisho, dawa ya kuharisha na sharti la kufunga siku saba vikataliwe kabisa, yeyote awaye aliyeagiza, kwa sababu hivyo vitatu ndivyo hasa vinavyosimamisha moyo wa mtu aliyefikia hapa.

Kuhusu saumu, hesabu kidogo itakupa mwanga. Msichana aliyebaleghe hudaiwa kadha ya siku zake za hedhi, tano, sita, saba hivi. Hazifiki miezi. Tena anayefunga kila Jumatatu na Alhamisi kwa kawaida kuna wiki anakula kwa sababu ya hedhi. Asiyekatiza hata wiki moja ana jambo. Saumu imekuwa pazia lake. Watu wanamsifu dini, hakuna anayethubutu kumwambia ale, na yeye mwenyewe anaamini nusu yake. Kwa hiyo msimwambie anamdanganya Mungu. Mwambieni mgonjwa ameruhusiwa kula: Sura ya Al-Baqara, Aya ya 185, inamtaja mgonjwa na msafiri, watimize hesabu siku nyengine. Za sunna ndiyo kabisa. Muombeni sheikh anayemheshimu, au mwalimu wake wa chuo cha Qurani, amwambie kwa kinywa chake baada ya kupewa maelezo ya daktari. Neno likitoka kwake linaingia mahali ambapo la mama haliingii. Ramadhani ijayo ikimkuta hajarudi kwenye uzito wake, hafungi, na muamue hilo mwezi mmoja kabla, si usiku wa kuandama mwezi.

Tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo penye kazi.

Tiba ya anoreksia kwa vijana yenye ushahidi mkubwa zaidi ilianzia Hospitali ya Maudsley, London, na kiini chake ni kwamba wazazi ndio wanaoshika sahani. Mtoto hachagui ale nini, kiasi gani, wala saa ngapi. Yale mengine ya maisha yake anabaki nayo. Uzito ukirudi, anarudishiwa sahani kidogo kidogo. Utafiti uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2010 ulionesha kuwa mwaka mmoja baada ya tiba hii karibu nusu ya vijana walikuwa wamepona kabisa, wakati kwa waliotibiwa peke yao kwa mazungumzo ilikuwa chini kidogo ya robo. Haihitaji mashine wala dawa ya ghali. Inahitaji watu wazima wawili wenye kauli moja.

Jambo la kwanza, muondoeni kwenye sinia. Kula sinia moja ni tabia nzuri yetu, ila kwa mgonjwa huyu ni maficho bora kuliko yote. Mkono unakwenda na kurudi, tonge inavunjwavunjwa, wali unasukumwa upande wa ndugu yake, na mwisho wa chakula hakuna ajuaye kala nini. Mtilie sahani yake, uipakue wewe, na umwekee mbele yake ukiwa umekaa. Tena asipike wala asipakulie wenzake kwa sasa. Wagonjwa hawa hupenda mno jiko: wanakaanga sambusa za watu wote, wanazunguka na birika la chai magharibi nzima, na hawakai. Ukiangalia nyuma huenda ukamkumbuka hivyo Ramadhani yote.

Daktari akiruhusu atibiwe nyumbani, msianze na sahani ya bwana harusi. Mwili ulioshinda na njaa miezi ukilishwa ghafla huvuta fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu, na katika siku 5 hadi 10 za mwanzo moyo unaweza kukosa mwendo. Ndiyo maana nimekazania vipimo. Kwa aliyekuwa anakula tende moja na vijiko viwili, daktari anaweza kutaka siku hizo za mwanzo alazwe, apewe vitamini B1 na damu ipimwe mara kwa mara. Akisema hivyo kubali. Nyumbani, kwa ruhusa yake, mnaweza kuanzia kiasi cha kalori 1,500 kwa siku, mkaongeza 200 kila baada ya siku mbili au tatu. Miguu ikivimba, akihema au akichanganyikiwa katika siku hizo, rudini hospitali.

Mnakotaka kufika ni hapa. Asubuhi kabla ya skuli, bakuli la uji wa maziwa uliotiwa kijiko kikubwa cha siagi ya karanga, na vipande viwili vya boflo vyenye siagi na yai la kukaanga. Saa nne, maandazi mawili na gilasi ya maziwa. Mchana, kikombe kimoja na nusu cha wali wa nazi uliokwishapikwa, kipande cha samaki kinachojaa kiganja, upawa wa mchuzi wa nazi, na mboga kidogo. Saa kumi alasiri, tende tano na konzi ya karanga. Usiku, chapati mbili na maharage ya nazi, au muhogo wa nazi na samaki. Kabla ya kulala, gilasi ya maziwa na ndizi mbivu. Hapo mko karibu kalori 2,700, na wapo wanaohitaji zaidi ya 3,000 ndipo kilo isogee. Usishangae, mwili unalipa deni.

Ikiwa mfuko hauruhusu yote hayo, mafuta na tui ndio rafiki zako. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kula kina kalori 120 na hakichukui nafasi tumboni. Tia kwenye uji, kwenye maharage, kwenye wali, na dagaa wakaangwe badala ya kuchemshwa. Yeye atataka kinyume chake: chukuchuku, kachumbari, matango, maji lita nzima kabla ya kula. Vyote hivyo vinajaza tumbo bila kulisha. Maji ayanywe baada ya chakula.

Mlo uwe nusu saa, vitafunio robo saa. Mtu mzima akae naye mwanzo mpaka mwisho, na baada ya hapo akae naye saa nzima sebuleni, choo awe ameshakwenda kabla. Angalia mikono, kwa sababu chapati huingia kwenye mkono wa buibui na samaki hutua kwa paka. Maneno yawe machache na yale yale: "Najua unaogopa. Hichi ndicho chakula chako, mimi nipo hapa." Msijadili kalori, msifanye biashara ya "kula nusu tu", wala msimhutubie kuhusu watoto wenye njaa. Atalia, atasema anakuchukia, pengine atarusha sahani. Kofi halisaidii na kumlisha kwa nguvu ni hatari. Asipomaliza, mletee gilasi ya maziwa iliyochanganywa kijiko cha siagi ya karanga ya kufidia kilichobaki, na mlo ujao uje kwa wakati wake. Akikataa kila kitu kwa siku nzima, hiyo ni kazi ya hospitali, si kushindwa kwako.

Wiki za mwanzo atalalamika tumbo limejaa, limevimba, choo kigumu. Ni kweli, hasingizii: tumbo lililokaa na njaa hupitisha chakula polepole. Kitambaa cha moto juu ya tumbo na kukaa kitako kunapunguza, na baada ya wiki kadhaa za kula kwa saa hali hurejea. Wengi huharibu hapa. Wanaona tumbo limetangulia wakati mikono bado vijiti, mtoto anapiga kelele, mama anahurumia, sahani inapunguzwa. Usipunguze. Mwili huanza kujaza katikati kisha husambaza.

Chunguza pia kama anatapika au anatumia sanamaki ya kuharisha, kwa kuwa kujinyima na kujitapisha huenda pamoja. Dalili zake: mashavu yaliyovimba chini ya masikio, sugu au michubuko juu ya vifundo vya vidole vya mkono wa kulia, meno ya mbele yaliyopoteza ngozi yake ya juu, na kata inayomwagwa maji muda mrefu chooni mara tu baada ya kula. Sanamaki na chai za kupunguza mwili hazitoi mafuta hata kidogo. Chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla dawa haijafika inapofanya kazi, kinachotoka ni maji na potasiamu. Mizani inashuka asubuhi, inapanda akinywa, na yeye anaongeza dozi. Akiwa ametapika asipige mswaki papo hapo, asukutue kwa maji tu, maana asidi imeshalainisha meno. Na daktari lazima aambiwe, kwa sababu hapo potasiamu inakuwa kipimo cha kila wiki.

Usinunue vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani. Baadhi yake ni deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi, inayovimbisha uso, kupandisha sukari na kula mifupa, na kuiacha ghafla kunaweza kumwangusha mtu. Mifupa yenyewe ishaanza kupata hasara: umri huu ndio wa kuweka akiba ya mfupa, na msichana asiyepata hedhi haiweki. Wala hakuna kidonge kinachotibu anoreksia.

Sasa simu. Wako wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu, sisi kwetu mwanamke ni mwili. Watu wa visiwa vya Fiji, kule Bahari ya Pasifiki, nao walikuwa hivyo hivyo, wakipenda umbo lililojaa. Mwaka 1995 televisheni ikafika katika jimbo la Nadroga, na Anne Becker, daktari kutoka Harvard, akawahoji wasichana wa skuli. Hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha apungue. Miaka mitatu baadaye wakahojiwa wasichana wengine wa skuli, na asilimia 11.3 walisema wanafanya. Hiyo ni televisheni moja sebuleni, sikwambii video zinazomfuata mtoto mpaka kitandani. Tena kwa binti wa Pemba mzigo ni wa pande mbili: simu inamwambia akonde, na harusini shangazi anamshika mkono mbele za watu, "mbona umebaki mifupa, nani atakuoa?" Mwaka mmoja nyuma huenda shangazi huyo huyo alimwambia amekuwa pande la mtu, wakati fundi anapima sare. Wagonjwa wengi huikumbuka sentensi moja ya namna hiyo, na aliyeisema ameshasahau.

Usimnyang'anye simu moja kwa moja, utapoteza mazungumzo. Kaeni pamoja, futeni programu ya kuhesabu kalori, na kila video ya viuno na "pungua siku saba" abonyeze kwa muda mrefu achague kuwa haimpendezi. Baada ya siku chache mashine inabadilisha inacholeta. Usiku simu ilale chumbani kwenu. Jamaa waambie kabla hawajafika: hakuna neno juu ya mwili wake, la kusifu wala la kusimanga. "Mashaallah umenawiri" ndilo la hatari zaidi, maana masikioni mwake linasikika "umenenepa", na mlo wa usiku ushaharibika. Kama wewe mwenyewe una tabia ya kusema mbele yake "huu mwili wangu", iache. Kaka zake pia uwatupie jicho. Wavulana huumwa, ila wao hujificha nyuma ya mazoezi na unga wa protini, na huchelewa kugunduliwa kwa kuwa kila mtu anawatafuta wasichana.

Skuli aende akiwa na nguvu, lakini michezo na mazoezi yasimame mpaka daktari aruhusu. Angalia pia anavyosimama saa nzima anaposoma na anavyopanda ngazi mara kumi. Tafuta mwalimu mmoja wa kike unayemuamini akae naye wakati wa mapumziko mpaka maandazi yaishe. Darasa zima halina haja ya kujua.

Omba pia kuonana na wahudumu wa afya ya akili hapo Pemba. Unguja huduma hiyo iko Mnazi Mmoja na Kidongo Chekundu. Najua jina hilo la pili linavyowatisha watu. Kupelekwa huko hakumfanyi mtoto mwendawazimu, na hakuna atakayemwandika hivyo kwenye cheti cha skuli. Ukikwama, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Mpime mara moja kwa wiki, siku ile ile, mizani ile ile, asubuhi baada ya choo, akiwa na khanga tu. Wengine hunywa maji lita mbili kabla ya kupanda au hufunga mawe kiunoni, kwa hiyo khanga ufunge wewe. Unachotafuta ni nusu kilo kwa wiki, na kwa hesabu hiyo kilo 10 ni miezi mitano ikiwa hakuna wiki iliyopotea, na zitakuwepo. Zikipita wiki mbili mizani haijasonga, ongeza kijiko cha mafuta katika kila mlo na gilasi ya pili ya maziwa. Zikipita nne, mrudishe kwa daktari hata kama anacheka na amefaulu mtihani. Hedhi huweza kuchelewa miezi sita baada ya uzito kukamilika, na fikra za kujiona mnene huchelewa zaidi ya hapo, kwa hiyo siku anayofika kilo 49 sahani bado ni yako. Umri wake unakwenda na urefu bado unaweza kuongezeka. Mwakani kilo hizo hizo 49 zitakuwa chache.